Mchwa Chini ya Sakafu: Kwa Nini Nyumba Ikaguliwe Kabla ya Kununuliwa Riyadh na Jeddah

Kununua nyumba ni uamuzi ambao wengi hufanya mara moja tu maishani. Mnunuzi hutazama bei, mtaa, idadi ya vyumba na umbali wa kufika kazini, lakini mara chache hukumbuka kuuliza ni nani mwingine anayeishi chini ya sakafu. Katika makala yetu ya leo tunaeleza namna mchwa wanavyoingia katika nyumba za miji ya Riyadh na Jeddah, nini hukaguliwa, na ni wakati gani ukaguzi huo unamlinda mnunuzi.



Wengi miongoni mwenu mliokulia Afrika Mashariki mnamfahamu mchwa kwa kichuguu chake. Ukitembea Ukambani, Singida au kandokando ya Ziwa Viktoria, utakiona kichuguu kimesimama kama mnara mwekundu, nawe utajua kwamba hapo pana mji wa wadudu. Mchwa wa Bara Arabu hawana desturi hiyo. Wengi wao hujenga chini ya ardhi, mchangani, pasipo dalili yoyote juu. Kwa hiyo mgeni aliyezoea kutafuta kichuguu anaweza kukizunguka kiwanja kizima, akaridhika, na kumbe njia za mchwa zinapita chini ya miguu yake.

Mdudu wa kale katika nchi kavu

Watu wengi hudhani kuwa jangwa halina mchwa kwa sababu halina misitu. Dhana hiyo si sahihi. Waarabu wamemjua mdudu huyu tangu zama za kale na humwita arada. Katika mazungumzo ya siku hizi huitwa pia chungu mweupe. Kurani Tukufu, katika Surat Saba, imemtaja mdudu wa ardhini aliyeila fimbo ya Nabii Sulaiman. Vitabu vya sira navyo vinasimulia kwamba ile hati ya Makureshi ya kuwasusia Bani Hashim, iliyotundikwa ndani ya Kaaba, iliharibiwa na mchwa. Makka haiko mbali na Jeddah, na mdudu aliyekula hati ile hajatoweka katika ardhi hiyo.

Wataalamu wa wadudu wamebainisha aina kadhaa za mchwa nchini Saudi Arabia. Mashuhuri miongoni mwao ni Anacanthotermes ochraceus, ambaye hukusanya nyasi kavu, makapi na samadi, na Psammotermes hybostoma, ambaye ni mchwa wa mchangani. Wadudu hawa si jamaa wa siafu wala sisimizi, ingawa wanafanana nao kwa umbo na kwa kuishi pamoja. Kwa nasaba wako karibu zaidi na mende. Chakula chao ni selulosi, yaani ile nyuzinyuzi iliyomo katika mbao, majani makavu, karatasi, maboksi na nguo za pamba. Tumboni mwao wamo viumbe wadogo mno wanaowasaidia kuisaga selulosi hiyo, ambayo wanyama wengi hawawezi kuimeng'enya.

Kitu cha pili wanachokihitaji ni unyevu. Ngozi ya mchwa ni laini na hukauka upesi akikaa kwenye hewa ya wazi. Ndiyo maana hatembei hadharani. Hujenga vijia vya udongo vyenye upana wa penseli au zaidi kidogo, akapita ndani yake kutoka ardhini hadi penye chakula. Ukimkumbuka mchwa kuwa ni kiumbe mwenye njaa ya selulosi na kiu ya unyevu, utaelewa karibu kila jambo linalofuata katika makala haya.

Nyumba za jana na za leo

Nyumba za zamani za Riyadh zilijengwa kwa matofali ya udongo uliochanganywa na makapi. Dari zake zilibebwa na boriti za mti wa athli, juu yake yakatandazwa makuti ya mtende na udongo. Ngome ya Masmak, aliyoiteka Abdulaziz bin Abdulrahman Al Saud mwaka 1902, ni mfano wa ujenzi huo, kama yalivyo pia magofu ya At-Turaif huko Diriyah, yaliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2010. Kwa mchwa wa jangwani, makapi yaliyomo ndani ya tofali ni chakula kilichohifadhiwa vizuri ukutani.

Jeddah ilifuata njia nyingine. Katika mji mkongwe wa Al-Balad, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2014, kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe kutoka Bahari ya Shamu, na baina ya mistari ya mawe zikalazwa mbao za kuufunga ukuta usipasuke. Mbele ya nyumba zikatundikwa madirisha makubwa ya mbao yaitwayo rawashini. Nyumba ya Nassif, ambamo Mfalme Abdulaziz alikaa alipoingia Jeddah mwaka 1925, ni maarufu kuliko zote. Msikilizaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ataitambua mara moja tabia ya nyumba hizo: matumbawe, chokaa na mbao. Ataitambua pia hatari yake, kwani mbao iliyofungiwa ndani ya ukuta wenye unyevunyevu haionekani inapoanza kuliwa.

Nyumba zinazouzwa leo katika miji hiyo miwili ni za zege na matofali ya saruji. Hapo ndipo mnunuzi anapojidanganya. Husema, "Mchwa watakula nini katika zege?" Ni kweli kwamba mchwa hawali zege, lakini zege huwa na nyufa. Huwa na viungo baina ya sakafu na ukuta, na huwa na matundu yanamopita mabomba ya maji na nyaya za umeme. Ufa mwembamba kama unene wa kadi humtosha mchwa kupita. Akishaingia hukuta fremu za milango, makabati ya ukutani, makabati ya jikoni, mbao zilizo nyuma ya mapambo ya jasi, mazulia, vitabu na maboksi ya nguo. Zege haimnyimi chakula bali humficha asionekane.

Miji miwili, unyevu wa namna mbili

Riyadh iko bara, katika uwanda wa juu wenye hewa kavu na mvua haba. Unyevu wake mwingi hutoka mikononi mwa binadamu: bustani inayomwagiliwa kila jioni, mtende uliopandwa kando ya ukuta, tangi la maji la chini ya ardhi linalovuja, bomba la maliwatoni lililopasuka. Katika baadhi ya mitaa, maji yaliyovuja kwa miaka mingi yamesababisha maji ya ardhini kupanda. Pale jangwa linapotiwa maji, mchwa husogea karibu na nyumba. Kwa hiyo anayekagua nyumba ya Riyadh hufuata kwanza njia ya maji.

Jeddah iko pwani, na hewa yake ni nzito na yenye unyevu takriban mwaka mzima. Katika sehemu nyingi maji ya ardhini hayako mbali na uso wa nchi, na kwa miongo mingi mitaa kadhaa ilitegemea mashimo ya maji taka chini ya nyumba. Mji huo umepatwa pia na mafuriko makubwa, yakiwemo yale ya tarehe 25 Novemba 2009 yaliyoua watu zaidi ya 100. Nyumba iliyowahi kuingiwa na maji inastahili kutazamwa kwa jicho la pili, hata kama imepakwa rangi mpya.

Naam, hasa kama imepakwa rangi mpya. Rangi si kosa, lakini kipande kimoja cha ukuta kilichopakwa upya, wakati kuta nyingine zimeachwa, kina habari ya kueleza.

Mkaguzi hutazama nini?

Ukaguzi mzuri hauhitaji uchawi. Mkaguzi huja na kurunzi, bisibisi, kipima unyevunyevu, na pengine kamera inayoonesha tofauti za joto ndani ya ukuta. Lakini kifaa chake kikubwa ni subira.

Kwanza, hutafuta vijia vya udongo: kwenye pembe za kuta, nyuma ya milango, ndani ya makabati, chini ya masinki, kwenye ngazi, na katika ukuta wa nje pale unapokutana na ardhi. Akikipata kijia hukivunja kidogo. Kikiwa na mchwa ndani, jibu limepatikana. Kikiwa kitupu, haina maana kwamba nyumba ni salama. Yawezekana wamehama njia tu.

Pili, hugonga mbao. Fremu ya mlango iliyo nzima hutoa sauti nzito; iliyoliwa hulia kama debe tupu. Mchwa hula ndani na kuacha ngozi nyembamba ya nje pamoja na rangi yake. Bisibisi ikididimia bila nguvu, hiyo si mbao tena. Fremu za milango ya maliwatoni ndizo za kutazamwa kwanza, kwani hapo chakula na maji vimekutana.

Tatu, hutafuta mbawa. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua huangusha mbawa zao, nazo hubaki zimelundikana kwenye vizingiti vya madirisha au karibu na taa. Mbawa nyingi ndani ya nyumba iliyofungwa zaweza kuashiria kwamba kundi limetoka humo humo. Hapa ni lazima kutofautisha. Kumbikumbi ana mbawa nne zenye urefu sawa na kiuno kipana. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba, na mbawa zake za mbele ni ndefu kuliko za nyuma.

Nne, hutofautisha mchwa na wadudu wengine wabunguao mbao. Ukiona vitundu vya mviringo na unga laini ukidondoka sakafuni, mara nyingi huyo ni mdudu mwingine wa mbao kavu, na dawa yake ni tofauti. Mchwa wa ardhini huacha udongo ndani ya njia zake. Anayechanganya wadudu hawa wawili atakulipisha kwa tiba isiyo ya ugonjwa wako.

Tano, hutoka nje. Huangalia mitende na mashina makavu, mbao za ujenzi zilizofukiwa ardhini na mafundi, mfuniko wa shimo la maji taka, na bustani iliyoinuliwa hadi ikapita kiwango cha sakafu. Kisha hupanda juu ya dari ya mapambo pale panapofikika.

Mwisho wa kazi mnunuzi apewe taarifa ya maandishi yenye picha. Taarifa hiyo ieleze sehemu zilizokaguliwa, dalili zilizoonekana na, jambo muhimu sana, sehemu ambazo hazikuweza kufikiwa. Kabati lililojaa vitu au zulia lililogundishwa ni pazia. Mkaguzi mwaminifu atasema, "Hapa sikuona," badala ya kusema, "Hapa hapana kitu."

Arubuni kwanza au ukaguzi kwanza?

Wasikilizaji wapenzi, hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha zao. Neno letu la Kiswahili arubuni limetoka katika Kiarabu, na huko Saudi Arabia bado ni jambo lenye uzito. Katika madhehebu ya Hanbali, ambayo yametawala mahakama za nchi hiyo, inajuzu muuzaji kubaki na arubuni endapo mnunuzi atajiondoa. Tuchukue mfano wa familia iliyoweka akiba kwa miaka kumi. Baba ameiona nyumba jioni moja, ameipenda, na kwa kuogopa kutanguliwa na mwingine amelipa arubuni usiku huo huo. Juma la pili anagundua kwamba fremu za milango ni ganda tupu. Sasa amesimama baina ya mambo mawili: aiache arubuni, au ainunue hasara huku akiiona.

Dawa yake ni nyepesi. Ukaguzi ufanyike kabla ya arubuni. Ikishindikana, basi iandikwe katika makubaliano kwamba arubuni itarejeshwa iwapo ukaguzi utaonesha mchwa au uharibifu. Sentensi moja iliyoandikwa na kutiwa saini ina nguvu kuliko ahadi kumi za barazani.

Je, sheria haimlindi mnunuzi? Humlinda, lakini kwa mipaka. Fikihi ya Kiislamu inaitambua khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro ambayo hakuijua. Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Saudi Arabia, iliyotolewa mwaka 2023 na kuanza kutumika Desemba mwaka huo, nayo imeweka dhamana ya kasoro zilizojificha. Hata hivyo, haki hiyo ina muda wake, na kasoro ambayo mnunuzi aliijua na akairidhia haihesabiwi kuwa imefichwa. Vivyo hivyo, yule ambaye angeiona kasoro kwa kuangalia kwa kawaida atapata taabu kudai kwamba alifichwa. Taarifa ya mkaguzi, yenye tarehe na picha, humsaidia mnunuzi katika hali zote mbili: humwonya kabla, na humpa ushahidi baadaye.

Kwa majengo mapya, upo pia utaratibu wa bima ya kasoro zilizojificha, inayodumu miaka 10. Lakini bima hiyo imelenga kasoro za ujenzi katika mwili wa jengo. Mnunuzi asidhani kwamba itamlipia kabati lililoliwa. Na ausome mkataba kabla ya kuutegemea.

Wageni nao wanahusika katika jambo hili. Chini ya sheria ya mwaka 2000, mgeni mwenye ukaazi aliweza kumiliki nyumba ya kuishi kwa idhini ya serikali. Mwezi Julai 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha sheria mpya ya umiliki wa wasio raia, iliyopangwa kuanza kutumika Januari 2026, ambayo inaruhusu umiliki katika maeneo yatakayoainishwa, kukiwa na masharti maalum kwa Makka na Madina. Mwafrika Mashariki aliyeko Riyadh au Jeddah anayefikiria kununua aanze kwa kuthibitisha katika Mamlaka Kuu ya Mali Isiyohamishika kwamba eneo analolitaka linamruhusu. Hakuna faida ya kukagua mchwa katika nyumba usiyoweza kuimiliki.

Ukiwapata, ukimbie?

Si lazima. Kuonekana kwa mchwa hakumaanishi kwamba nyumba imekufa, na nyumba ya zege ni nadra kuanguka kwa ajili yao. Swali ni gharama: ya dawa, ya kubadilisha mbao, na ya kuziba chanzo cha unyevu. Gharama hizo zikijulikana mapema, huingia katika majadiliano ya bei, au muuzaji hutakiwa kutengeneza kabla ya hati kubadilishwa jina.

Dawa iliyo bora hutiwa kabla nyumba haijajengwa: udongo wa msingi hunyunyiziwa kabla ya zege kumwagwa, na pembezoni hutiwa tena baada ya kufukia. Kwa hiyo, kwa nyumba mpya, muulize mwenye kuijenga akuoneshe cheti cha kazi hiyo: dawa gani ilitumika, lini, na dhamana yake ni ya miaka mingapi. Nyumba iliyokwisha kujengwa hutibiwa kwa kutoboa matundu madogo kandokando ya kuta na kuingiza dawa katika udongo ulio chini, au kwa kuweka chambo ambacho mchwa hukibeba mpaka kwenye kiota chao. Lakini bomba linalovuja likiachwa, dawa itakuwa ya msimu tu.

Na hapa tuna onyo ambalo tunaomba lisikike kuliko yote tuliyosema. Katika miji ya Saudi Arabia imewahi kutokea misiba ya familia, wakiwemo watoto wadogo, kupoteza maisha baada ya vidonge vya fosfidi ya alumini kutumiwa katika nyumba za ghorofa. Vidonge hivyo vilikusudiwa kwa maghala ya nafaka. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya katika nyufa na mifereji ya hewa hadi kwa jirani aliyelala. Mara nyingine aliyefariki hakuwa hata katika nyumba iliyotiwa dawa. Vidonge hivyo havifai kamwe ndani ya makazi, wala kwa mchwa, wala kwa kunguni, wala kwa mende. Akija mtu na chupa isiyo na jina akikuahidi kumaliza kila mdudu kwa usiku mmoja na kwa bei ya chini, mfungie mlango. Tafuta kampuni yenye leseni, uliza jina la dawa, na uliza ni saa ngapi nyumba ikae wazi kabla ya watoto kurejea.

Ni vyema pia mkaguzi asiwe ndiye muuza dawa. Anayepata faida kwa kuwaona mchwa anaweza kuwaona hata pasipokuwa nao. Na anayeletwa na dalali wa muuzaji anaweza asiwaone hata wakipita mbele yake.

Somo kwa walio mbali

Huenda msikilizaji wa Minnesota, London au Muscat akasema kwamba habari za Riyadh hazimhusu. Zinamhusu. Katika majimbo mengi ya Marekani, mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na idara ya wastaafu wa jeshi huhitaji ukaguzi wa wadudu waharibuo mbao. Australia ina kanuni ya kitaifa ya namna ya kufanya ukaguzi huo. Na wengi wanaoishi ughaibuni hununua nyumba nyumbani, Mombasa, Tanga au Unguja, kwa kutazama picha za simu tu. Picha haigongeki, wala haidungwi kwa bisibisi. Mwombe ndugu unayemwamini ampeleke fundi, afungue makabati, agonge fremu, kisha akuletee habari ya alichokiona.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mnunuzi wa nyumba, ufa huo humgharimu saa chache tu za ukaguzi, na ukuta waweza kumgharimu akiba ya miaka mingi. Basi kabla hujatoa arubuni, piga goti, washa kurunzi, na uangalie chini ya sinki.